Mistari Tisini na Sita ya Mwalimu Mbwana

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imeanza leo saa tisa mchana, na paa la duka limeanza nayo. Ndoo mbili, sufuria moja.

Ninafungua daftari hili kwa sababu nimechoka kuwasimulia watu jambo lile lile, nao wananitazama kama mtu mwenye homa. Nitaliandika mara moja. Anayetaka atasoma.

Mimi ni Kahaso, mwenye duka la kompyuta hapa Msambweni. Kuchapisha, kutengeneza, na kujaza fomu za watu wanaoogopa fomu. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nje ya kazi ya duka, bila ya malipo, ninafunga vifurushi vya Mkusanyiko. Mkusanyiko ni mfumo mzima wa kompyuta unaotolewa bure: mwenye kuutaka auchukue, asome ndani yake, abadilishe, ampe na mwenzake. Hutoka mara moja kila miaka miwili. Kabla haujatoka, kila programu hupekuliwa mpaka mshono wa ndani: imeandikwa na nani, na je, huyo aliyeandika ametoa ruhusa? Mlango wa toleo hili unafungwa tarehe 20 Juni.

Ninachotaka kuingiza ni programu yangu, Mkondo. Inawaonyesha wenye mashua za watalii wa kisiwa cha Funzi ni mashua ipi ina safari, na ni saa ngapi kutakuwa na maji ya kutosha kupita. Ofisi yao ina kompyuta nne na haina mtandao. Kitakachokuwamo katika diski ya Mkusanyiko ndicho kitakachovuka kwenda kisiwani. Mwenyekiti wao, Bwana Boga, amenipa mpaka Julai, msimu wa wageni unapoanza. Nikikosa, watachukua programu ya Harrison wa Ukunda, nami nitakuwa nimefanya kazi ya miezi kumi na saba ili Harrison apate mteja.

Mkondo nimeiandika kwa miezi mitatu. Hiyo kumi na minne iliyobaki imeliwa na JavaScript, lugha niliyoiandikia. Mtu wa JavaScript hapiki chai bila kuazima kijiko nyumba ya kwanza na sukari nyumba ya kumi. Programu yangu moja inategemea laibrari 143, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, na kila moja lazima niifungie kifurushi chake chenye leseni yake. Nimefunga 131. Zimebaki 12.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Laibrari moja. Zimebaki 11.

Ijumaa, 11 Aprili

Laibrari ya leo kazi yake ni kusema kama namba ni shufwa au witiri. Ina mistari mitatu. Inategemea laibrari nyingine ambayo kazi yake ni kusema kama kitu ni namba. Leseni ya ile ya kwanza ina mistari 21, yaani kila mstari wa kazi unabebwa na mistari saba ya ruhusa. Nimezifunga zote mbili. Zimebaki 9.

Harrison amepita dukani kukimbia mvua. Ni kijana wa Nakuru, ana miwani ya jua hata kukiwa na mawingu.

"Kahaso, bado unapack tu? Si ni command moja, zote zinashuka, unaenda zako."

"Na nani amezisoma?"

"Nani husoma, dada? Watu hutumia."

"Na ile programu yako ya hoteli ililala siku tatu kwa sababu gani?"

Akavua miwani. "Kuna msee huko mbele alifuta laibrari yake. Aliachwa na bibi, akakasirika, akafuta."

"Ilikuwa na mistari mingapi?"

"Tisa," akasema, akatazama mvua.

Jumatano, 16 Aprili

Laibrari ya kupaka vitufe rangi. Katika leseni yake mwandishi ameandika kwamba asiitumie mtu mwenye kiburi. Nimeipeleka kwa walinda mlango wa Mkusanyiko, ikarudi siku hiyo hiyo: programu huru haibagui, na wenye kiburi wamo. Nimemwandikia mwandishi nikimwomba awasamehe wenye kiburi. Amekubali baada ya barua nne, na katika barua ya tatu alitaka kujua kama mimi ni mmoja wao.

Zimebaki 4. Ndoo tatu sasa, sufuria moja.

Jumanne, 22 Aprili

Imebaki moja, nayo imerudishwa.

Aliyeirudisha ni Anselm, mlinda mlango. Anaishi Ulaya, sijui mji gani, na sijui hata kama ni mzee au kijana. Ameandika: "Kimekataliwa. Leseni iko wapi?"

Nimeitafuta leseni saa mbili nzima, wala haipo. Laibrari yenyewe inaitwa maji-pwani. Ina mistari 96. Inahesabu umri wa mwezi, kisha inatoa saa za maji kujaa na kupwa, na siku za bamvua, pale bahari inapokwenda mbali kabisa na kurudi kwa nguvu. Mistari arobaini kati ya hiyo ni namba tupu. Mwandishi alipima kwa kijiti milango yote ya maji kutoka Funzi hadi Vanga, miaka minne. Juu kabisa ameandika: "Mbwana Kheri, Majoreni. Kazi ya mkono wangu." Basi. Hakusema ameruhusu, hakusema amekataza. Mimi niliikuta mtandaoni nikaichukua, nikidhani aliyeweka kitu chake barazani amekaribisha watu. Mkusanyiko hauhesabu hivyo. Asiyesema ndiyo, amesema hapana.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimeuliza watu wa Majoreni. Mwalimu Mbwana alisomesha hesabu maisha yake yote, akajifunza kompyuta akiwa na miaka 51, akafariki miaka sita iliyopita.

Nimemwandikia Anselm. Amejibu: "Pole. Haki zimekwenda kwa warithi. Warithi wote watie saini."

Harrison amesema niandike yangu, mistari 96 ni kazi ya kabla ya chakula cha mchana.

"Na zile namba arobaini?"

"Weka za Mombasa. Mimi yangu iko na za Mombasa. Difference ni dakika."

"Ni dakika arobaini, Harrison. Na wageni kumi na wawili juu ya mchanga, wakipiga picha za nahodha."

"Hiyo pia ni adventure," akasema.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekwenda Jego, karibu na Vanga. Mvua njia nzima, zaidi ya kilomita mia moja kwenda na kurudi kwa pikipiki.

Kwetu Kinango mtu akifa, ndugu yake wa kiume ndiye mwenye kusema. Kwa hiyo sikupoteza wakati, nikamwendea mdogo wake Mwalimu, Bwana Tofiki, fundi wa injini za mashua. Nilimkuta ameketi juu ya injini kama juu ya farasi. Nikamwamkia, nikampa pole iliyochelewa miaka sita, nikamweleza.

"Marehemu aliacha laibrari?"

"Moja, ami."

"Iko wapi?"

"Mtandaoni."

"Nani aliyeipeleka huko?"

"Yeye mwenyewe."

"Bila kutushauri." Akatikisa kichwa. "Kaka yangu alikuwa msiri. Ina ukubwa gani?"

"Baiti elfu tatu na mia mbili."

"Elfu tatu," akasema polepole, kama mtu aliyetajiwa ekari. "Nipe wiki moja, mwanangu. Hili si jambo la kusimama. Nitakaa na watu."

Jumatatu, 5 Mei

Jego tena. Amekaa na watu. Watu wameuliza: ikiwa haina kitu, mbona Mzungu anaitaka? Nimemweleza kwamba Mzungu haitaki, Mzungu anaikataa. Akasema hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Jumatatu, 12 Mei

Jego mara ya tatu. Nimekula samaki, nimesifu injini, nimekubali jina lake litangulie katika hati. Ametia saini kwa mkono mzuri wenye mikia, akaongeza muhuri wa karakana yake, wa bluu, wenye picha ya rafadha ya mashua. Nimeupiga picha nikampelekea Anselm pale pale barabarani. Zimekwisha. 143 kwa 143. Nimerudi Msambweni nimelowa kama sifongo na sikuona uchungu wowote.

Jumatano, 14 Mei

Anselm: "Muhuri mzuri. Huyu ni mrithi?"

Nimemjibu kwa hasira kwamba ni ndugu wa damu. Amejibu: "Sikuuliza hilo. Je, marehemu hakuwa na mke?"

Jumamosi, 17 Mei

Majoreni. Nimemkuta mjane wa Mwalimu, Bi Waridi, uani, akisuka makuti. Ni mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Nikatoa hati ya Tofiki kwa heshima zote.

"Tofiki amekupa saini?"

"Na muhuri, mama."

Alicheka mpaka makuti yakamponyoka. Akaniomba msamaha, akautazama muhuri, akacheka upya.

"Mwanangu, Mbwana ana mtoto wa kiume. Mtoto wa kiume akiwapo, ndugu wa marehemu hapati hata ufagio. Kadhi aligawa kila kitu mwaka ule ule. Tofiki alikuwapo, akala pilau, akarudi kwake."

"Mbona hakuniambia?"

"Umemwendea mara tatu kwenye mvua, wamwita ami, wamwuliza rai yake. Wewe ungemwambia?"

Kilomita mia tatu na zaidi. Wiki tatu kati ya nane nilizokuwa nazo. Nimeishi na Waislamu tangu nizaliwe, nimekula Idi zao zote, na sikuwahi kuuliza wanagawaje. Nilidhani wanagawa kama sisi. Kosa hilo ni langu na nimeliandika hapa ili lisinizunguke kichwani.

Bi Waridi akanipangia mafungu kwa vidole. Mke, thumni moja, yaani moja ya nane. Mama wa marehemu, sudusi, moja ya sita. Yuko hai, Bi Mwanamkasi, amelala chumba cha nyuma. Kilichobaki ni cha watoto wawili: Kibwana mafungu mawili, Salwa fungu moja. Nikakaa kwenye kibao nikagawa mistari 96. Waridi 12. Mama 16. Imebaki 68, ambayo haigawanyiki kwa tatu: Kibwana 45 na theluthi, Salwa 22 na theluthi mbili. Kwa hiyo, mstari mmoja una wenyewe wawili. Nimeutafuta ni upi. Ni wa 74, una alama moja tu, mabano ya kufunga. Kibwana ana theluthi ya mabano.

Nimemsomea Bi Waridi. "Mwandikie Kibwana hivyo hivyo," akasema, "ajue alichoachiwa."

Yeye ametia saini bila kusoma. "Mume wangu alikaa na hiyo kompyuta kuliko alivyokaa nami. Ichukueni, ikawashughulishe na nyinyi."

Bi Mwanamkasi hakuamshwa.

Jumanne, 20 Mei

Salwa ni muuguzi. Amesaini kwenye benchi la wagonjwa, akanirudishia kalamu, akasema, "Baba angefurahi. Anayefuata."

Alhamisi, 22 Mei

Kibwana ni mpishi hotelini Diani. Tumeonana mlango wa jikoni.

"Nikisaini, bado naweza kuitumia?"

"Ndiyo."

"Na watu wengine wote?"

"Na wao pia."

"Basi hapa aliyepoteza ni nani?"

Nilitaka kusema mimi. Amesaini. Kuhusu mabano amesema dada yake ayachukue yote, yeye hana pa kuyaweka.

Amebaki mmoja.

Jumamosi, 24 Mei

Majoreni. Bi Mwanamkasi ana miaka themanini na mitatu, mwembamba, kanga moja kiunoni na moja kichwani, ndoo ya plastiki pembeni. Bado huenda pwani kila bamvua kutafuta pweza miambani. Hajui kusoma, kwa hiyo nilikuja na wino wa dole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiwe wa Tofiki?"

Habari zimekwishafika. Nikamweleza taratibu: kazi ya mwanawe itaingia katika kompyuta za dunia nzima, kila mtu ataruhusiwa kuitumia, kuisoma, kuibadilisha.

"Sitii dole," akasema.

"Kwa nini, bibi?"

"Ina makosa."

Nilicheka kidogo, na sikupaswa. Nikamwambia laibrari ya Mwalimu ina majaribio arobaini ndani yake, na yote arobaini hupita. Nimeyaendesha mwenyewe zaidi ya mara mia.

"Hiyo kompyuta yako yasema bamvua ni lini?"

Nikafungua laptopu. "Kesho, tarehe ishirini na tano."

"Basi njoo kesho na viatu vyako hivyo, twende nikuonyeshe."

Bi Waridi amenisindikiza njiani na kuniambia nisimjali, mama mkwe wake amegombana na ile programu tangu ilipozaliwa. Nimerudi nyumbani nimeudhika. Wiki tano, mabano, mihuri, na sasa nimezuiwa na bibi asiyejua kusoma anayebishana na hesabu.

Jumapili, 25 Mei

Sikwenda kanisani. Nimekwenda pwani ya Majoreni na Bi Mwanamkasi, yeye mbele na ndoo, mimi nyuma na laptopu ndani ya mfuko wa nailoni.

Tulifika saa ile ile iliyotajwa na programu. Kama ni bamvua, bahari ingekuwa imekwenda mbali na miamba imekauka mgongo. Bahari ilikuwapo. Haikuwa na haraka yoyote. Miamba ya pweza ilikuwa chini ya maji mpaka kifuani.

"Haya," akasema. "Itie hiyo kompyuta majini, iyaambie yaondoke."

Nikatazama laptopu, nikatazama maji. Miezi kumi na saba. Nimekagua leseni 142, nimebembeleza watu wa nchi tisa, nimegawa mabano kwa tatu. Jambo moja sikulifanya: kuja kuona kama maji yanakubaliana nayo. Majaribio arobaini yalipita kwa sababu Mwalimu aliyaandika kwa tarehe za mwaka wake mwenyewe.

Tuliporudi akanipeleka chumbani kwake. Ukutani kuna kalenda ya bamvua, karatasi kumi za miaka kumi, ambazo Mwalimu alimchapia miaka miwili kabla hajafa. Kila bamvua iliyoandikwa, bibi alikwenda pwani, na kila ilipokosea aliitia alama kwa mkaa. Nikaanza kuhesabu, kwa sababu hesabu ndicho kitu pekee kinachonituliza. Mwaka wa kwanza, hakuna alama hata moja. Wa tatu, tano. Wa tano, kumi na nne. Mwaka jana, bamvua ishirini na tano, alama ishirini na tano. Na kando ya kila alama, vikwaju vidogo vya mkaa: kimoja, viwili, vitatu. Ni siku alizongoja mpaka maji yakaja kweli.

"Karatasi yatangulia," akasema. "Maji yaja nyuma. Zamani siku moja. Sasa ni tatu."

"Ulimwambia Mwalimu?"

"Siku moja tu ilikuwa imeanza kupotea. Akaniambia, mama, hesabu haikosei, labda ni wewe uliyechelewa kuamka."

Nikaketi kitandani kwake bila kukaribishwa.

Jumatano, 28 Mei

Leo bahari imekwenda mbali. Bi Mwanamkasi amenipigia simu ya sekunde tano kutoka Majoreni: "Umeona?" Nimeona.

Nimelipata kosa. Mwalimu aliipa miezi siku thelathini, ishirini na tisa, thelathini, ishirini na tisa, bila kukoma. Mwezi wenyewe ni mrefu kidogo kuliko hivyo, kama robo tatu ya saa kila mwezi. Katika mwaka ni chini ya nusu siku, huwezi kuiona. Katika miaka minane ni siku tatu kamili. Mashua za Funzi zingetoka Julai kwa tarehe zilizokosea siku tatu, zingekwama zote, na aliyewakwamisha ningekuwa mimi. Harrison angekosea dakika arobaini tu.

Jumapili, 1 Juni

Majoreni. Nilitaka kumweleza Bi Mwanamkasi kosa lilipo, akanitangulia.

"Kila miaka mitatu kasoro kidogo, irudishe nyuma siku moja. Ndivyo vikwaju vinavyosema."

Nilikuwa na karatasi mbili za hesabu mfukoni. Jibu langu lilikuwa siku kumi na moja katika miaka thelathini ya mwezi, yaani moja kila miaka mitatu kasoro kidogo. Karatasi nimeziacha mfukoni.

"Bibi, ukitia dole, mtu yeyote ataruhusiwa kurekebisha. Usipotia, itabaki ilivyo, na mimi kuigusa ni haramu."

"Kumbe ndiyo maana ya ruhusa hiyo? Kwamba aweza kuambiwa?"

"Ndiyo maana yake yote."

"Mbona hukuanza na hilo?" Akanyoosha kidole kwenye wino. Mistari yake kumi na sita imetoka kabla chai haijapoa.

Jumamosi, 7 Juni

Idi ya kuchinja. Hakuna kazi iliyofanyika kutoka Ukunda mpaka Vanga. Bwana Tofiki amenitumia salamu za Idi zenye muhuri.

Jumanne, 10 Juni

Nimeandika mstari wa 97. Ni mmoja tu, wa kurudisha siku. Nimeendesha miaka minane nyuma na kulinganisha na picha nilizopiga za ukuta wa Bi Mwanamkasi, kikwaju kwa kikwaju. Bamvua 198. Zimekubaliana 191, na zile saba nimempigia bibi kumwuliza. Tano alikuwa mgonjwa, akaenda mwanamke mwingine, ambaye hamwamini. Mbili amekataa kuzizungumzia.

Mwenye wazo ni yeye, mimi nimeliandika tu kwa alama. Kwa hiyo, mwandishi wa mstari wa 97 nimemwandika Mwanamkasi, Majoreni. Nimetuma.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua. Anselm kimya.

Jumatatu, 16 Juni

Mvua imepungua. Anselm kimya. Boga amepiga simu: Harrison amekwenda Funzi kuwaonyesha yake, yenye rangi nyingi. Nimemwambia angoje mpaka Ijumaa. Amesema Ijumaa, haitafika Jumamosi.

Jumanne, 17 Juni

Anselm: "Mistari 96 iko sawa. Mstari wa 97 ni wa Mwanamkasi. Ameutoa?"

Nikajibu kwamba dole lake analo hapo hapo. Akajibu: "Hilo ni la alichorithi. Huu ameutunga."

Nimezunguka duka mara tatu nikitafuta hoja. Ana haki, na hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 19 Juni

Majoreni. Pikipiki imekwama kwenye matope, kilomita nne za mwisho nimetembea. Nimemkuta Bi Mwanamkasi kizingitini.

"Umekuja tena. Dole langu limefutika?"

Nikamweleza kuhusu mstari wa 97, kwamba haukuwamo katika mirathi.

"Huu ni wangu?"

"Wako, bibi."

"Waridi hana thumni humo?"

"Hana."

"Kibwana?"

"Hana hata theluthi ya mabano."

Uso ukamchangamka kama wa msichana. Kisha akasema, "Basi huu sitoi."

Bi Waridi, aliyekuwa akisikiliza toka jikoni, akaacha kuosha vyombo.

"Nimekaa nyumba ya baba," akasema bibi, "nikakaa nyumba ya mume, sasa nakaa nyumba ya mwanangu. Kitu changu peke yangu nimekijua sasa hivi, wewe ukisimama hapo na matope yako. Hata sijakaa nacho, wataka nikigawe?"

Nikasema kwamba akitoa bado kitabaki chake, jina lake litakaa juu yake popote kitakapokwenda. Akasema sufuria yake kubwa pia ina jina lake, na iko nyumba ya saba mwaka wa pili huu.

Miezi yote hii nimewaambia watu watoe, na sikuwahi kumwona mtu akikipenda kitu anachoombwa. Nikaketi chini.

"Nisipotoa, yawaje?" akauliza baadaye.

"Kesho mlango unafungwa. Anselm ataingiza mistari 96 peke yake."

"Yenye makosa?"

"Ndiyo."

"Na Funzi?"

"Siwezi kuwapa, bibi. Watakwama. Watachukua ya Harrison."

"Na hiyo ya mwanangu itakaa humo muda gani?"

"Miaka miwili."

"Itasomwa na nani?"

"Na yeyote anayetaka. Dunia nzima."

Aliinama akaufuta ukingo wa ndoo yake kwa kanga, ingawa ndoo ilikuwa safi.

"Miaka miwili watu wakiona Mbwana hajui hesabu," akasema. "Lete wino."

Akatia dole, akalikandamiza kuliko mara ya kwanza. Kisha akaniuliza nimeandika nini pale kuhusu mstari wake. Nikamsomea: "Kusahihisha kosa la kuhesabu mwezi."

"Futa."

"Bibi, lakini ni kosa kweli."

"Umeuona ukuta wangu. Mwaka wa kwanza una alama?"

"Hauna."

"Alipoandika, maji yalimkubali. Lilikuwa laja taratibu, naye angeliona, mbishi lakini si kipofu. Hakukosea. Aliondoka hajamaliza. Andika hivyo."

Nimeandika hapo hapo kizingitini, laptopu juu ya magoti, nikamsomea mara mbili.

Ijumaa, 20 Juni

Nimetuma saa tatu asubuhi. Saa tisa na robo Anselm amejibu: "Vimeingia, vyote 144." Yaani laibrari 143 na Mkondo wenyewe. Katika orodha ya mabadiliko ya Mkusanyiko, itakayokwenda kila mahali unakokwenda, imo hivi: "maji-pwani, toleo la pili. Mwanamkasi wa Majoreni anamalizia kazi ya mwanawe, Mbwana Kheri, aliyeondoka hajamaliza."

Nimempigia Boga. Amesema sawa, nilete diski Jumatatu, na Harrison ameondoka ameacha kalenda nzuri yenye picha ya simba.

Kisha nimepiga Majoreni. Bi Waridi akampa bibi simu.

"Imeingia," nikamwambia.

"Na sasa yasema bamvua ni lini?"

"Ijumaa ijayo, tarehe ishirini na saba."

"Nitakwenda kuangalia," akasema, akakata simu.